Alikufa, Aliuawa, Walimuua: Neno "Murder" na Mahali pa Hukumu katika Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maana na matumizi ya neno moja la Kiingereza, "murder", kwa jicho la msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Hatukusudii kuandika makala ya isimu wala ya sheria, ingawa itatubidi kugusa nyanja zote mbili. Linalotushughulisha ni suala la kihakiki: mtu anapouawa katika kazi ya fasihi, hukumu juu ya kitendo hicho hukaa wapi? Je, hukaa ndani ya neno lenyewe, au hukaa katika sentensi inayolibeba neno hilo?

Suala hili lilizuka katika kikao kidogo cha usomaji kilichofanyika Malili, katika Makueni, pale barabara kuu ya Nairobi na Mombasa inapopita kando ya ardhi iliyokuwa Ranchi ya Malili kabla ya serikali kuinunua mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza. Walimu wachache wa shule za upili walikuwa wamekutana kuisoma upya tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), ambayo baadhi yao waliwahi kuifundisha ilipokuwa kitabu cha kutahiniwa. Niliwaomba walieleze kwa sentensi moja tukio linaloipa tamthilia hiyo jina lake. Ubaoni ziliandikwa sentensi nne:

(a) Mwelusi alikufa kisimani.
(b) Mwelusi aliuawa kisimani.
(c) Gege alimuua Mwelusi kisimani.
(d) Bokono alimuua Mwelusi kwa mkono wa Gege.

Mwalimu mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alizitazama sentensi hizo kwa muda kisha akasema: "Daktari, kwa Kiingereza tungeandika neno moja tu, 'murder', na mjadala ungekwisha. Kiswahili chetu kinatuzungusha." Wenzake wengi waliafiki. Mmoja alipendekeza kwamba vyombo vya kukuza lugha viunde neno mahsusi la kuziba pengo hilo.

Makala haya ni jibu kwa mwalimu yule. Hoja yetu ni kwamba pengo analoliona si upungufu wa msamiati. Kiingereza kimeifungia hukumu ndani ya neno. Kiswahili kimeiacha hukumu itamkwe na sentensi nzima, yaani msemaji ataje nani alitenda, alimtenda nani na kwa nia gani. Utaratibu huu una faida kubwa kwa fasihi. Hata hivyo una hatari yake pia, kwa kuwa anayelazimika kutaja mtenda anaweza vilevile kuchagua kutomtaja.

2. Historia fupi ya neno "murder"

Msomaji wa leo hulichukulia neno "murder" kuwa na maana moja iliyo wazi: kumuua mtu kwa dhamira mbaya, kinyume cha sheria. Maana hiyo si ya asili. Katika lugha na sheria za kale za makabila ya Kijerumani, ambamo neno hili lina mizizi yake, lilihusishwa na mauaji ya siri. Aliyeua hadharani na kukiri kitendo chake alikuwa na deni la kulipa kwa jamaa za marehemu. Aliyeua kwa kificho ndiye aliyestahili jina hili la kutisha.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilipata matumizi ya ajabu zaidi. Maiti ikionekana katika eneo fulani na muuaji asipatikane, wakazi wote wa eneo hilo walitozwa faini, isipokuwa kama wangethibitisha kwamba marehemu alikuwa Mwingereza na si Mnormani. Neno lilitumika kwa kitendo na kwa faini yake pia. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1340, na baadaye ndipo maana ya kuua kwa dhamira iliyotangulia kitendo ilipozidi kukita mizizi katika mahakama za Kiingereza.

Tunayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonyesha kwamba hukumu iliyomo ndani ya neno hili iliwekwa na historia, na zaidi na historia ya utawala: nani aliyekufa, na nani mwenye mamlaka ya kudai damu yake. Pili, neno hilo liliposafiri kuja Afrika Mashariki lilikuja likiwa limekwisha kukamilika, na asili yake imesahauliwa. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1930, kifungu cha 203 kinaeleza kosa hilo, kifungu cha 202 kinaeleza kosa dogo zaidi la kuua bila dhamira hiyo, na kifungu cha 204 kinataja adhabu ya kifo. Kwa miongo mingi jaji hakuwa na hiari: akishalitamka neno, amekwisha kuitamka adhabu. Hali hiyo ilibadilika tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba ulazima wa adhabu hiyo ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo, tunaposema kwamba neno hili hubeba hukumu, hatusemi kwa sitiari tu. Kuna wakati lilikuwa hukumu kwa maana halisi.

3. Kitenzi -ua na jamaa zake

Tukigeukia Kiswahili, tunakutana na kitenzi kipana sana. Malaria huua. Ukame huua mifugo. Askari huua, mwizi huua, dawa huua wadudu, na bidhaa za bei rahisi kutoka nje huua soko. Anayechekeshwa mno humwambia mwenzake, "Umeniua." Methali husema fimbo ya mbali haiui nyoka, wala hapana anayeisikia methali hiyo akamwonea nyoka huruma. Katika matumizi yote hayo, mzizi -ua hautoi lawama wala sifa. Unatuambia tu kwamba palikuwa na uhai, na sasa haupo.

Nomino zake nazo ni pana. "Mauaji" inaweza kuwa ya mtu mmoja gizani au ya maelfu. Ndiyo maana tunasema mauaji ya halaiki na mauaji ya kimbari, tukihitaji kivumishi kutufafanulia. Anayelitafsiri neno "murder" kwa kuandika "mauaji" peke yake amehamisha tukio, ila hukumu ameiacha upande wa pili wa mto.

Je, ina maana kwamba Kiswahili hakipimi uzito wa damu? Hasha. Kinaupima kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mnyambuliko. Kati ya kuua, kuuawa, kuuana na kujiua kuna tofauti ya kisarufi ya silabi moja au mbili, nayo ni tofauti ya kosa zima. Wakenya wanaikumbuka tofauti hiyo tangu Februari 1990, mwili wa Waziri wa Mambo ya Nje, Dakta Robert Ouko, ulipopatikana ukiwa umeungua karibu na kilima cha Got Alila. Swali la taifa zima lilisimama juu ya viambishi viwili: alijiua, au aliuawa? Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard alihitimisha kwamba aliuawa. Tume ya Jaji Evans Gicheru, iliyoanza kusikiliza mashahidi mwaka huohuo wa 1990, ilivunjwa Novemba 1991 kabla ya kukamilisha kazi yake. Sarufi ilikuwa imejibiwa nusu: kiambishi cha kutendwa kilipatikana, mtenda hakutajwa.

Njia ya pili ni kielezi. Kuua kwa makusudi, kuua bila kukusudia, kuua kwa bahati mbaya: vipambanuzi hivi havikusubiri kuja kwa sheria ya Kiingereza. Neno "kusudi" lina asili ya Kiarabu, na fikihi ya Kiislamu iliyokuwa ikitumika katika miji ya pwani iligawanya mauaji kwa kigezo cha nia karne nyingi kabla ya Kanuni ya mwaka 1930.

Njia ya tatu ni ya kuvutia zaidi kwa mhakiki: lugha humhukumu mtenda badala ya kitendo. Kiarabu kina neno "qatil", lenye maana ya mwenye kuua. Lilipoingia katika Kiswahili likawa "katili", na maana ikahama. Katili si lazima awe ameua mtu. Ni mwenye moyo mgumu, asiye na huruma. Neno la tendo limegeuka kuwa neno la tabia. Mtumiaji wa Kiswahili alipopewa jina la muuaji, alilihamishia moyoni mwa mtu, mahali ambapo aliona kosa linaanzia.

4. Ukambani, 1931 hadi 1932

Tunaweza kuona gharama ya kufungia hukumu ndani ya neno tukiitazama kesi moja iliyowahi kutikisa Ukambani na kusikika hadi London. Mwaka 1931 mwanamke mmoja aliyetuhumiwa kumroga mke wa mtu alipigwa na kundi la wanaume hadi akafa. Wanaume 70 walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Koloni, katika kesi inayojulikana kwa jina la Rex dhidi ya Kumwaka na wenzake 69. Mwaka 1932, watu 60 walihukumiwa kunyongwa kwa kosa moja, lenye jina moja. Hawakunyongwa, gavana aliwapunguzia adhabu.

Kitendo hicho kilihusishwa na desturi iliyoitwa king'ole. Maelezo ya desturi hiyo yanapatikana katika maandishi ya wataalamu wa mila wa mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwao Hobley, Dundas na Lindblom. Kwa mujibu wa maelezo hayo, king'ole ilikuwa njia ya jamii kumwondoa mtu aliyeonekana kuwa hatari isiyoweza kuvumiliwa, hasa mchawi au mwizi sugu. Ilihitaji baraza la wazee na ridhaa ya jamaa wa karibu wa mshtakiwa. Ilitekelezwa na wengi kwa pamoja, hadharani, ili damu isimwangukie mtu mmoja na ili ukoo usidai fidia. Mauaji ya kawaida, kwa upande wake, yalilipiwa mifugo.

Hapa ndipo historia ya neno la Kiingereza inaporejea kwa kejeli. Kwa maana yake ya kale, yaani kuua kwa siri, king'ole isingeweza kabisa kuitwa kwa jina hilo, kwa kuwa uwazi ndio uliokuwa uhalali wake. Tena, Wanormani waliotoza eneo zima faini kwa ajili ya maiti moja wangelielewa vizuri wazo la damu ya pamoja. Lakini neno lililofika mahakamani lilikuwa limekwisha kusahau ujana wake. Lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwenye nia moja, nalo likatumika mara 60.

Pengine msomaji atatarajia tusimame hapa, upande wa desturi, tukililaani neno la mkoloni. Tukifanya hivyo tutakuwa tumesoma nusu ya matini. King'ole nayo ni neno lenye hukumu ndani yake. Likishatamkwa, aliyeuawa amekwisha kuwa na hatia. Tazama jinsi mwanamke yule anavyotajwa katika pande zote mbili. Kwa lugha ya mahakama ni marehemu, kielelezo cha kosa la watu wengine. Kwa lugha ya washtakiwa ni mchawi. Katika pande zote mbili yeye ni yambwa, hana sentensi ambayo yeye ni kiima. Maneno mawili yaliyogombana mahakamani mwaka 1932 yalikubaliana katika jambo moja: yote mawili yaliweza kutumika bila ya kumsikiliza.

5. Tafsiri: Makbeth na Juliasi Kaizari

Fasihi ya tafsiri ni mahali pazuri pa kuupima mvutano huu. Tunayo bahati kwamba tamthilia mbili za Shakespeare zinazohusu kuuawa kwa watawala zilitafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1960: Julius Caesar, iliyotafsiriwa na Julius Nyerere (1963, na kusahihishwa 1969), na Macbeth, iliyotafsiriwa na Samuel Mushi kwa jina la Makbeth (1968). Hatukusudii hapa kulinganisha mstari kwa mstari. Tunataka kuonyesha tu aina ya kazi inayomkabili mtafsiri.

Katika Macbeth, mume na mke wanaopanga kumuua mfalme hulikwepa neno lenyewe. Huzungumzia shughuli, tendo, jambo. Ukwepaji huu una nguvu katika Kiingereza kwa sababu neno linalokwepwa lina hukumu: kulitamka ni kujihukumu. Katika Kiswahili, kukwepa kitenzi -ua hakuna uzito uleule, kwa kuwa -ua si hukumu. Lakini Kiswahili kinampa mtafsiri chombo kingine. Msemaji anaweza kusema "tulifanye" au "nimelifanya", na kile kiambishi -li- kikabeba jambo zima bila ya kulitaja. Hofu haimo katika neno lisilotamkwa. Imo katika silabi moja ndogo ambayo wote wawili wanajua inasimama badala ya nini.

Baada ya tendo, Makbeth husikia sauti ikimshtaki kwa kosa juu ya usingizi wenyewe. Katika Kiingereza, kulitumia neno "murder" kwa usingizi ni kashfa ya kisarufi: usingizi si mtu, nao unapewa haki za mtu. Katika Kiswahili, "kuua usingizi" hakushtui, kwa kuwa tumezoea kuua soko, kuua mchezo, na hata kuua usingizi kwa kikombe cha kahawa. Mtafsiri hana budi kutafuta mshtuko huo mahali pengine: katika takriri, katika wito, katika kuufanya usingizi kuwa kiumbe asiye na kosa. Upana wa -ua, ambao ni neema katika mazungumzo, hapa ni mzigo.

Katika Julius Caesar mambo huenda kinyume. Bruto anataka wenzake waonekane watoaji kafara, wasionekane wachinjaji wa buchani. Kiingereza kina maneno mawili yaliyo mbali. Kiswahili kina neno moja, "kuchinja", na neno hilo lina pande zote mbili. Kuchinja kwa kufuata masharti ndiko kunakoitofautisha nyama halali na kibudu. Kuchinja pia ndilo neno tunalolitumia kwa ukatili wa kutisha kupita yote anaoweza kutendewa binadamu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaposikia dai la Bruto, analiona dhaifu mapema kuliko msomaji wa Kiingereza. Analolitaka Bruto ni kubadilisha jina la tendo. Kiswahili kinamwambia kwamba tendo ni lilelile, kinachoweza kutofautiana ni nia na idhini, nayo idhini hakupewa na yule aliyechinjwa. Kwa maoni yetu, upungufu wa maneno hapa umekuwa uhakiki.

6. Kutoka kufa hadi kuuawa: riwaya ya upelelezi

Kiingereza huiita riwaya ya aina hii kwa jina la kosa: fumbo la "murder". Kiswahili kimeiita riwaya ya upelelezi. Tofauti hii ya majina inaafikiana na hoja yetu. Jina la Kiswahili halitaji hukumu. Linataja kazi ya kuitafuta.

Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Mohamed Said Abdulla ni mfano bora. Bwana Ali, tajiri mwenye ardhi, anaonekana amekufa kwenye mzimu unaoogopwa na wenyeji. Imani ya mahali inatoa maelezo ya haraka: wenye mahali pao wamefanya yao. Kisarufi, maelezo hayo ni kamili, kwa kuwa yana kiima, kitenzi na yambwa. Lakini kiima chenyewe hakiwezi kuitwa kujibu. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, haji na neno jipya la kosa. Anachofanya katika riwaya nzima ni kukiondoa kiima kile cha uongo na kuweka mahali pake watu wenye majina, nia na nyayo. Riwaya nzima ni safari ya kutoka katika "amekufa", kupitia "ameuawa", hadi "wamemuua".

Tukiisoma riwaya hii kando ya kesi ya Ukambani, tunaona ni kwa nini safari hiyo si mchezo wa akili tu. Kwa Abdulla, kifo kinahusishwa na nguvu zisizoonekana ili watu wasitajwe. Kwa mwanamke wa mwaka 1931, nguvu zisizoonekana zilihusishwa na mtu ili auawe. Makosa hayo mawili ni ndugu: yote yanatokana na kujaza nafasi ya kiima kabla ya kuuliza.

7. Kifo Kisimani na sentensi nne

Sasa tunaweza kurejea kwenye ubao wa Malili. Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mwandishi mwenyewe amechagua "kifo", neno lisilo na mtenda. Je, Kithaka wa Mberia amekwepa? Tunaamini kinyume chake. Jina la tamthilia linatupa habari kama inavyotolewa na utawala: mtu amekutwa amekufa, mahali fulani. Mchezo wenyewe ndio unaotulazimisha kuivuka habari hiyo. Mtazamaji anayetoka ukumbini akisema "kifo" tu ameondoka na jina la mchezo, hakuondoka na mchezo.

Tamthilia hii inaiegemea hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, ambayo Muhammad Kijumwa aliifanyia utenzi mwaka 1913. Liyongo alidungwa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa mke na mtawala. Akaenda kisimani, akapiga goti huku ameuvuta uta wake, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani angali hai. Katika Kifo Kisimani, Gege ni ndugu wa Mwelusi, naye anavutwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala, Bokono. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini kimewekwa humo na nani? Hadithi zote mbili zinauliza swali ambalo neno "murder" haliwezi kulijibu: anayeshika silaha na anayeahidi mke, ni yupi aliyeua?

Sentensi (a), "Mwelusi alikufa kisimani", ni ya kweli na haitoshi. Sentensi (b), "aliuawa", imepiga hatua: imekiri kwamba kuna mtenda. Lakini ndiyo sentensi yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu inaonekana kuwa imesema kila kitu. Ndiyo sentensi ya magazeti yetu. Mshukiwa wa wizi anapochomwa moto sokoni, tunasoma kwamba "aliuawa na wananchi wenye hasira". Mtenda ametajwa, ila ametajwa kwa jina lisiloweza kupokea hati ya kuitwa mahakamani. Vizazi vya wasomaji wa Kenya wamejifunza sentensi hiyo kwa majina mengine: Pio Gama Pinto aliuawa, 1965, Tom Mboya aliuawa, 1969, J. M. Kariuki aliuawa, 1975. Wapo waliohukumiwa kwa kushika bunduki katika vifo vya Pinto na Mboya. Swali la aliyewatuma ndilo lililobaki vinywani mwa watu.

Sentensi (c), "Gege alimuua", ndiyo ambayo mahakama ingeridhika nayo. Ina mtu mmoja, nia moja, kosa moja. Sentensi (d), "Bokono alimuua Mwelusi kwa mkono wa Gege", ndiyo ambayo tamthilia inaidai. Kiswahili kinairuhusu bila taabu. Hakuna haja ya neno jipya. Kuna haja ya msemaji anayethubutu kumweka Bokono katika nafasi ya kiima. Ujasiri huo hauwezi kuundwa na kamati ya istilahi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno "murder" lina faida ya ufupi na uzito, na kwamba faida hiyo ina bei. Likishatamkwa, linaonekana limemaliza kazi, ilhali bado halijatuambia nani, nani, wala kwa nini. Kiswahili hakimpi msemaji faida hiyo. Kinamtaka aijenge hukumu mwenyewe, kiambishi kwa kiambishi. Lakini hatukusudii kukisifu Kiswahili kupita kiasi. Lugha inayomwachia msemaji kazi ya kuhukumu inamwachia pia nafasi ya kukaa kimya, nasi tumeona jinsi "alikufa", "aliuawa" na "wananchi wenye hasira" zinavyotumika kama maficho.

Kwa walimu na wanafunzi wa uhakiki tuna mapendekezo mawili. La kwanza, insha inayosema "Mwelusi alikufa kisimani" isikubaliwe kuwa muhtasari wa tamthilia. Mwanafunzi aombwe kuendelea hadi sentensi ya nne, na aonyeshe ni wapi katika matini amepata haki ya kuiandika. La pili, wafasiri wasitafute neno moja la kulingana na "murder". Watafute sentensi.

Mwalimu wa Malili alisema Kiswahili kinatuzungusha. Ni kweli, na kwa maoni yetu kuzunguka huko ndiyo kazi yenyewe. Hebu tulitazame tena umbo "walimuua". Kiambishi cha kwanza kinawataja waliotenda. Cha mwisho ni tendo. Katikati pana silabi moja, -mu-, ambayo ni mtu aliyeuawa, naye hawezi kuondolewa bila ya kuuvunja muundo. Katika "aliuawa" watendaji wanaweza kutoroka. Katika "murder" hapana hata mmoja anayelazimika kuwapo. Mwanamke wa mwaka 1931 aliitwa marehemu na watu fulani, akaitwa mchawi na wengine. Sentensi ambayo hakuna upande ulioanza nayo ndiyo iliyo fupi kuliko zote: walimuua. Mhakiki angeanzia hapo, kisha angeuliza alikuwa nani.